Mlima Kenya: Barafu Nyembamba, Mawe Mazito

Kwa urefu hakuna ubishi. Batian, mita 5,199, ni kilele cha kwanza Kenya na cha pili Afrika baada ya Kibo cha Kilimanjaro. Nelion kimepungukiwa na mita 11 tu, lakini ndicho kilichochelewa kupandwa: mpandaji Mackinder alifika Batian Septemba 1899 pamoja na wenzake Ollier na Brocherel, na Nelion hakikukanyagwa hadi wapandaji Shipton na Wyn Harris walipokifikia mwaka 1929.

Barafu kubwa kuliko zote mlimani kwa muda mrefu imekuwa Lewis, na rekodi yake ni ya kusikitisha: kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Barafu ya Gregory, jirani yake, imekwisha kabisa.

Sasa anayeuliza hatari ya maporomoko siku za joto ajibiwe hivi: ogopa mawe kuliko theluji. Hapa ikweta theluji hairundikani kwa miezi kama huko Alps. Ikianguka usiku, mara nyingi jua la mchana huimaliza. Lakini barafu ndiyo saruji ya miamba iliyopasuka, na jua likiiyeyusha mawe hulegea. Kilimanjaro walilijua hilo kwa uchungu Januari 2006, mawe yalipowaporomokea wapandaji kwenye njia ya Western Breach na kuua Wamarekani watatu. Ndiyo sababu mojawapo inayowafanya wanaokwea kilele cha Lenana, hapa Mlima Kenya (mita 4,985), waondoke usiku wa manane. Wengi hudhani ni kwa ajili ya kuona jua likichomoza tu, kumbe changarawe iliyoganda pia haitelezi ovyo.

Njia ya barafu yenye sifa kubwa kuliko zote ni Diamond Couloir, kati ya Batian na Nelion, iliyopandwa kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder na Thumbi Mathenge. Inatazama kusini, hivyo barafu yake hukaza kuanzia Juni, jua likiwa limehamia kaskazini. Desemba mambo hugeuka: upande huohuo huchomwa na jua, wa kaskazini ukipoa. Mlima mmoja, majira mawili kwa wakati mmoja! Siku hizi barafu ya chini imepungua mno, na sidhani kama sifa ile ya zamani inamtosha mtu kuingia humo mchana.

Uokoaji mgumu kuliko wote? Kwangu ni wa 1970. Daktari Gert Judmaier wa Austria alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, baada ya jiwe kung'oka. Kumshusha kulichukua takriban wiki moja, na rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alikufa.

Rekodi ya mvua ni ya miteremko ya kusini-mashariki, inayoelekea Embu na Chogoria. Huko chini wako wanaohofia kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Lakini mchango wa barafu hiyo ni mdogo sana: Rupingazi inayopita Embu na Kathita inayopita Meru hulishwa zaidi na mvua na msitu, na msitu nao una shoka la kuogopa.