Sukuma Yako ya Gunia Imekuwa Njano? Tulia, Usirushe Mbolea Bado

Kama unaishi Kayole, Umoja, Dandora ama Mathare, hizi gunia za sukuma unazijua. Ziko nje ya mlango, kando ya ngazi, na pale juu mnapoanika nguo. Labda moja ni yako. Sasa majani yameanza kuwa njano na jirani ameshakupea ushauri wa bure: "Ongeza mbolea, buda."

Mbolea gani? Hapo ndipo wasee wengi huchomeka. Mbolea si kama chumvi ya mboga, ati unarusha tu hadi ishike. Kila mmea una njaa yake, na kila udongo una kitu ambacho tayari umeweka akiba.

Anza na kucheki ni majani gani yanaumwa. Kama ni yale ya chini, ya zamani, yanapauka yote huku ya juu yako fiti, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mmea unaitoa kwa majani mazee unapelekea machanga, kama mathe anayeruka chakula ndio watoto wale. Kama ni majani machanga ya juu yanakuwa njano lakini mishipa imebaki kijani, shida mara nyingi ni madini ya chuma, na hata umwage nitrojeni ya nchi nzima hautasaidika. Rangi ya zambarau kwa mche mdogo huashiria fosforasi. Kingo za majani ya zamani zikikauka kama zimechomwa, fikiria potasiamu. Na kama zimeungua siku chache baada ya wewe kuweka mbolea, basi pole, ni mbolea yenyewe.

Sasa soma zile namba za gunia la mbolea. Ziko tatu na mpangilio haubadiliki: nitrojeni, fosforasi, potasiamu. DAP ni 18-46-0. Maanake fosforasi ni mob, potasiamu ni sufuri. Hiyo ni ya kupandia, wakati mizizi inajitafuta. CAN haina fosforasi wala potasiamu, ni nitrojeni kama asilimia 26, na kazi yake ni kukuza majani. 17-17-17 inagawa sawa.

Sukuma, spinachi, terere na managu unazila majani, kwa hivyo zinapenda nitrojeni, tena kila ukichuma unaondoka na nyingine. Nyanya na hoho ni hadithi tofauti. Ukizijaza nitrojeni utapata msitu mzuri wa kupiga picha na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Zikianza kutoa maua zinataka potasiamu. Maharagwe nayo yana vijidudu kwa mizizi vinavyovuta nitrojeni kutoka hewani, so kuyawekea CAN ni kumlipia fare mtu mwenye gari.

Kuhusu kipimo, fanya hesabu hii. Gunia la kilo 50 likitandazwa kwa ekari moja, kila mita ya mraba inapata kama gramu 12. Kifuniko cha soda kinabeba kama gramu 5. Mdomo wa gunia lako haufiki hata nusu mita ya mraba. Sasa fikiria ile ngumi nzima uliyokuwa unataka kumwaga! Kwa gunia lenye sukuma pande zote, koroga kifuniko kimoja cha CAN kwa lita 5 za maji, mwagia udongo ukiwa na unyevu, kisha ngoja wiki 2 au 3. Ukiona unga mweupe umebaki chini ya ndoo usishtuke, ni chokaa yake. Na kama ulishazidisha, mwagilia maji mengi safi, yapite hadi chini yatoke na chumvi.

Udongo nao. Sehemu kubwa ya Eastlands, kuanzia Embakasi hadi Komarock, imekalia ile ardhi nyeusi inayoshika viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Watu huidharau, lakini ina virutubisho vingi. Shida yake ni kwamba ikilowa haipumui, na mizizi ikikosa hewa majani yanakuwa njano vilevile. Hapo dawa si mbolea, ni kuchanganya samadi iliyooza na kuweka nguzo ya mawe katikati ya gunia ndio maji yapite. Ukileta udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu, huo unapitisha maji poa, ila huelekea kuwa na asidi na unashikilia fosforasi. Samadi ya kuku ni kali, iache ioze kwanza, la sivyo itachoma miche.

Kuna udongo ambao hakuna mbolea itauokoa. Utafiti wa UNEP uliotoka mwaka wa 2007 ulipima watoto 328 karibu na dampo la Dandora, na nusu yao walikuwa na risasi kwa damu kwa viwango vya kutia wasiwasi. Risasi haiozi na haiondoki kwa kunyunyiziwa maji. Usichote udongo wala "mboji" ya dampo ukapandia mboga za kula, hata kama ni nyeusi na inavutia namna gani.

Na wewe unayetuma doh ushago za mbolea, hii inakuhusu zaidi. Serikali ilishusha bei ya gunia la kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwaka wa 2022, halafu 2,500 mwaka wa 2023. Stori ya mbolea feki ya 2024 unaikumbuka. Lakini hata mbolea genuine inaweza kupotea bure. Mashamba mengi ya Kakamega, Murang'a na Kericho yana asidi. pH ikishuka chini ya 5.5, fosforasi unayonunua inafungwa na udongo kabla mahindi yaionje, na DAP ya kila msimu inaongeza asidi. Shamba kama hilo linataka chokaa kwanza, tena miezi kadhaa kabla ya kupanda.

Utajuaje? Mwambie mathe achimbe sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 20, akwepe pale ng'ombe hulala na pale jivu humwagwa. Achanganye kwa ndoo safi, atoe nusu kilo, akutumie na matatu. KALRO wanapima udongo pale Kabete, Waiyaki Way. Ulizia bei kabla hujapanda gari, na uwaambie ni zao gani mnataka kupanda, kwa sababu jibu la mahindi si jibu la viazi.