Kioo na Mkono wa Mchoraji

Neno kioo katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa. Hutaja kile kitu kigumu kinachopitisha nuru, kama cha dirishani, na hutaja vilevile chombo cha kujitazamia uso. Kifaransa hutenganisha verre, vitre na miroir. Kiswahili huiachia sentensi kazi hiyo. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hilo halileti taabu. Lakini anayetaka kueleza jinsi wachoraji wa Ulaya walivyotumia vyombo vya nuru ili michoro yao ilingane na vitu halisi hana budi kubainisha: kuna kioo kinachopitisha nuru na kuipinda, ambacho huitwa lenzi, na kuna kioo kinachoirudisha. Katika makala haya neno kioo litashika maana hii ya pili.

Urafiki wa kioo na uchoraji ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 15, msanifu majengo Filippo Brunelleschi wa Florence alichora juu ya ubao jengo la ubatizo la mji huo, kisha akautoboa ubao tundu. Mtazamaji aliweka jicho nyuma ya tundu na kuutazama mchoro ndani ya kioo kilichoshikwa mbele yake. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti aliwashauri wachoraji waipime kazi yao kwa kioo, kwa kuwa kosa ambalo jicho limelizoea hujitokeza mara mchoro unapogeuzwa. Hapo kioo ni hakimu; kazi ya mkono imekwisha kufanyika.

Vyombo vya kuuongoza mkono wenyewe ni vya namna nyingine. Kilicho mashuhuri zaidi ni chumba cha giza, camera obscura kwa Kilatini, ambamo nuru hupita katika tundu lenye lenzi na kutandaza ukutani sura ya mambo ya nje, juu chini. Neno letu kamera linatoka huko, na maana yake ya asili ni chumba tu. Mwaka 1806 Mwingereza William Hyde Wollaston alipata hataza ya kijichombo chenye kipande cha kioo cha pembe nne, kinachomwezesha mchoraji kuona kwa pamoja kitu kilicho mbele yake na karatasi iliyo chini yake. Kikaitwa camera lucida, yaani chumba chenye nuru, ingawa hakina chumba chochote. Jina lilitungwa ili kukipambanua na kile cha kale, na likabaki.

Vyombo hivyo viwili huonyesha mahali pa mstari. Je, hilo latosha? Mwezi Oktoba 1833, William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa kutumia camera lucida. Ndani ya chombo kila kitu kilionekana kizuri. Alipoondoa jicho, alikuta penseli imeacha karatasini alama hafifu za kusikitisha. Kushindwa huko kulimfanya awaze kama sura ile ingeweza kujichapa yenyewe juu ya karatasi, na wazo hilo likamfikisha kwenye upigaji picha. Mtu huyu alikuwa na elimu, subira na chombo bora cha wakati wake. Alichokosa ni mkono uliofunzwa.

Ndipo swali linapozuka. Miaka 180 baada ya Talbot, yaani mwaka 2013, ilitolewa filamu Tim's Vermeer, iliyoongozwa na Teller. Ilimwonyesha Mmarekani Tim Jenison, fundi na mvumbuzi wa vyombo vya video asiye mchoraji, akinakili kwa rangi za mafuta mchoro wa Johannes Vermeer uitwao Somo la Muziki. Nakala yake ilikaribia mno ule wa asili. Kwa nini yeye afaulu pale Talbot aliposhindwa?

Jibu liko katika ukingo wa kioo kidogo. Mtu anayetaka kujaribu huweka karatasi mezani na kusimamisha picha wima mbele yake, ikiwa imepinduliwa juu chini. Kati ya jicho na karatasi huweka kioo kidogo kilichoinamishwa nusu ya pembe mraba, uso wake ukielekea picha. Akiinamisha kichwa, huona picha ndani ya kioo, na nje kidogo ya ukingo huona karatasi yake. Umbali kutoka kioo hadi picha sharti ulingane na umbali kutoka kioo hadi karatasi, la sivyo sura na mchoro vitasogeleana au kuachana kila kichwa kinapotikisika. Nuru inayoangukia picha nayo isipungue sana ile ya karatasini. Kisha mchoraji hupaka rangi kwenye ukingo huo huo na kulinganisha. Rangi ikiwa nyeusi kuliko inavyopasa, ukingo huonekana. Ikiwa nyeupe mno, huonekana pia. Ikilingana kabisa, ukingo hupotea machoni. Hapo husogeza kichwa kidogo na kuanza mahali pengine. Mchoro utatoka umegeuzwa, kulia kukiwa kushoto. Kioo cha kawaida, ambacho rangi yake ya fedha iko nyuma, huleta sumbuko, kwa sababu unene wake hubaki kama mstari. Kinachofaa ni kile kilichopakwa fedha usoni.

Jambo linaloshangaza si ustadi wa chombo, bali udhaifu wa jicho ambao chombo hicho huuziba. Rangi moja ya kijivu huonekana nyeupe kando ya nyeusi, na nyeusi kando ya nyeupe. Jicho hupima kwa majirani. Rangi mbili zilizo mbalimbali haliwezi kuzipima sawasawa, lakini zikigusana hutambua hata tofauti ndogo. Talbot alipewa mahali pa mstari, akaachiwa mengine yote. Jenison alipewa kipimo cha mwanga na giza kwa kila sehemu ndogo ya mchoro, na mistari ikajitokeza yenyewe pale rangi zilipokutana.

Kwa nakala yake alijenga chumba kizima kama kile cha mchoro, akasaga rangi na lenzi kwa mikono yake, na juu ya kioo kidogo akaongeza lenzi na kioo mbonyeo, kilichobonyea kama bakuli. Alipofika kwenye mapambo ya kinanda, aliona kwamba mistari iliyopasa kunyooka ilikuwa imepinda kidogo ndani ya chombo. Akautazama mchoro wa Vermeer katika chapa: nao una mpindo huo.

Je, Vermeer alitumia chombo cha namna hii? Mabishano yaliwaka mwaka 2001, David Hockney alipotoa kitabu kilichotokana na utafiti wake pamoja na mwanafizikia Charles Falco, wakidai kwamba wachoraji walitumia vioo mbonyeo tangu karne ya 15. Mwaka huo huo Philip Steadman alionyesha kwa vipimo kwamba michoro kadhaa ya Vermeer inaonekana kuchorwa katika chumba kimoja, na ukubwa wake unawiana na sura ambayo lenzi ingetandaza ukutani. Wapinzani hawakukosa hoja. Orodha ya mali iliyoandikwa mwaka 1676, baada ya kifo cha Vermeer, haitaji lenzi wala chumba cha giza. Tena Jørgen Wadum alikuta katika michoro yake matundu madogo ya pini mahali mistari inapokutania, dalili ya uzi uliovutwa ili kupanga mistari hiyo. Anayevuta uzi anatumia hesabu ya kale ya wachoraji, na hahitaji lenzi kwa kazi hiyo.

Hoja ya orodha ni dhaifu kidogo, kwa maana chombo huweza kuazimwa, na msimamizi wa mali ya marehemu alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, jirani wa Delft aliyesifika kwa lenzi zake. Lakini ujirani si ushahidi. Hoja yenye uzito zaidi imetoka ndani ya rangi zenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa jumba la sanaa la taifa mjini Washington walionyesha kwamba chini ya uso laini wa michoro ya Vermeer kuna tabaka lililopakwa kwa brashi pana na ya haraka. Anayefuata ukingo wa kioo hana haja ya tabaka hilo, kwani huimaliza kila sehemu kwa kulinganisha. Mwaka huo huo, katika mchoro wa mwanamke anayemimina maziwa, ulioko Amsterdam, chini ya ukuta mweupe ilionekana rafu ya kutundikia magudulia ambayo Vermeer aliianza, kisha akaifunika kwa rangi.