Mgomo wa Mabasi: Chama Kijiandae Mapema

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Tarehe 10 Aprili, 2015, madereva wa mabasi na daladala nchini Tanzania waligoma, wakipinga kanuni iliyowataka warudi darasani kila wanapotaka kuhuisha leseni zao. Jijini Dar es Salaam wafanyakazi wengi walikwenda kwa miguu. Wengine walipanda pikipiki na bajaji kwa nauli iliyopandishwa. Tarehe 4 Mei mwaka huo huo mgomo ukarudiwa.

Madereva nao ni wafanyakazi wenye madai yao, na si nia yetu kuwalaumu. Lakini hasara ya siku kama hiyo humwelemea zaidi mwenye kipato kidogo. Kibarua asiyefika kazini hukosa ujira wa siku nzima. Na akiwa peke yake, hana budi kulipa bei anayotajiwa. Wanachama wanaweza kuipunguza hasara hiyo, mradi wamepatana kabla mgomo haujatokea.

Yafaa basi kila chama kitekeleze mambo yafuatayo:

1. Katibu aandike daftari la wanachama, likionyesha mtaa anaokaa kila mmoja na mahali anapofanyia kazi. Wanaotumia barabara moja wawe kundi moja, lenye kiongozi, mahali pa kukutania na saa ya kuondoka.

2. Wanachama wenye magari wapatane na makundi yao. Gharama ya petroli igawanywe sawasawa, lakini nauli isitozwe. Gari la binafsi halina leseni ya kuchukua abiria kwa malipo, na ajali ikitokea bima yaweza kukataa kulipa.

3. Mtu mwenye afya hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kwa hiyo anayekaa karibu na kazi yake atembee, ili nafasi za magari wapewe wakaao mbali, wagonjwa, wazee na waja wazito. Watokao alfajiri waongozane.

4. Viongozi wa makundi wazungumze na waajiri mapema, ili ijulikane iwapo saa za kuchelewa zaweza kufidiwa jioni.

5. Ofisi ya chama isisahauliwe. Mara nyingi kasha la fedha hufunguliwa kwa funguo mbili, zilizo mikononi mwa watu wawili. Mmoja wao akikwama njiani, mwanachama hapati mkopo wa dharura siku ile ile anapouhitaji. Kamati ichague washika funguo wanaoweza kufika ofisini bila basi, au iteue wa akiba kwa maandishi na kumbukumbu ya makabidhiano.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi, ila daftari na mkutano mmoja. Kamati iliingize jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, na maamuzi yabandikwe ubaoni ili kila mwanachama ajue kundi lake.

Ushirika ni nguvu.