Chui wa Msitu wa Shimba

Mtu wa Makadara, kisiwani Mombasa, akivuka Likoni na kushika njia ya Kwale, hufikia msitu wa Shimba, ambao sehemu yake kubwa ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Humo hukaa chui. Mnyama huyu wa jamii ya paka huwinda peke yake, aghalabu usiku. Hafukuzi mbali, hunyemelea kimya, huruka ghafula, akakaba koo. Pengine huipandisha nyama mtini, wengine wasiifikie. Hula paa, tumbili, hata nyani na nguruwe mwitu, waharibifu wakubwa wa mahindi. Lakini mbuzi asiyelindwa humvuta pia. Basi mfugaji na ajenge zizi imara, lililofunikwa juu, wala asiweke sumu. Kwani amwuaye chui huwaachia nyani shamba.