Damu Yako Inatoka Wapi?

Pengine siku moja munganga atakuambia: "Mutoto wako hana damu ya kutosha. Nani katika jamaa atamupa damu?" Mara watu wananyamaza. Baba anatazama chini. Mujomba anatoka nje. Wanamupenda mutoto, lakini wanaogopa. Wanafikiri damu ni kama mafuta ya taa: ukimumiminia jirani, yako imepunguka wala haitarudi. Basi, tuangalie kama ni kweli.

Damu ni nini?

Ukitazama tone moja la damu kwa mikroskopi, utaona chembe nyingi sana. Chembe nyekundu zinachukua oksijeni kutoka mapafu na kuipeleka mwilini mwote. Chembe nyeupe ni askari wanaopigana na vijidudu vya magonjwa. Tena kuna vipande vidogo sana vinavyoziba kidonda, damu isimwagike.

Inatengenezwa wapi?

Umekwisha kuvunja mufupa wa mbuzi na kuona kitu chororo chekundu ndani yake? Huo ni uboho. Huo ndio shamba la damu. Mutoto mudogo ana shamba hilo karibu katika mifupa yake yote. Kwa mutu muzima linabaki zaidi katika mifupa ya kifua, mbavu, uti wa mugongo, nyonga na kichwa.

Inakomaa namna gani?

Ndani ya uboho kuna chembe-mama. Hizo zinagawanyika: nyingine zinabaki kuwa mama, nyingine zinakwenda kukua, kila moja kwa kazi yake. Ile itakayokuwa nyekundu inagawanyika tena mara kadhaa, inajazwa rangi nyekundu yenye chuma, na mwishowe inatupa kiini chake ipate kuwa laini na kupita katika mishipa myembamba. Kazi hii inachukua karibu siku 7. Kisha inaingia katika damu na kutumika karibu siku 120. Ikichakaa, mwili unaivunja, na chuma chake kinatumiwa tena.

Uboho wa mutu muzima unatoa chembe nyekundu karibu milioni 2 kila sekunde, muchana na usiku. Oksijeni ikipunguka, figo zinatuma ujumbe katika damu, na uboho unazidisha kazi.

Mutu akitoa damu, je?

Mutu muzima ana damu karibu litri 5. Hospitali inachukua chini ya nusu litri, kisha kupimwa kama haina ugonjwa na kama inapatana na ya mugonjwa. Maji yake yanarudi katika siku 1 ao 2. Chembe nyekundu zinarudi katika majuma machache. Kwa hiyo mwanamume anangoja miezi 3, mwanamuke miezi 4, mbele ya kutoa tena. Damu ya mutu mwenye afya ni kama chemchemi: ukichota, inajaa.

Kwa nini basi mutoto anapungukiwa?

Kwa sababu malaria inaharibu chembe nyekundu upesi, na tena inalegeza kazi ya uboho. Shamba linahitaji siku nyingi, na mutoto anaweza kufa leo. Tazama viganja vyake na ndani ya midomo yake. Vikiwa vyeupe, ao akipumua mbio, ao akikosa nguvu ya kunyonya, usingoje kesho. Umulete hospitali. Usimupe maji mekundu ya majani ao ya chupa ukifikiri yatageuka damu. Rangi si damu.

Nyumbani, saidia uboho. Uwape watoto maharagi, lengalenga, sombe iliyopikwa vizuri, samaki, mayai, na maini ukipata. Walale chini ya chandarua chenye dawa. Tumia choo na viatu, kwa maana minyoo ya safura inaingia kwa ngozi ya miguu na kunyonya damu tumboni.

Na wewe baba, na wewe mujomba, munganga akiuliza tena, musitoke nje. Ile mutakayotoa, mifupa yenu itaitengeneza upya. Mutoto hawezi kuingoja yake.