Shanga za kale: Zitambue kabla hujauza

KABLA ya shilingi, shanga za kioo zilikuwa fedha. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant walipopita Usui, nchi ya mtawala Suwarora katika eneo la Biharamulo ya sasa, walitozwa hongo ya shanga, nguo na waya. Hivyo mkulima wa Nyamigogo anayeokota ushanga shambani, au aliyerithi mkufu wa bibi, auchunguze kabla ya kumpa mchuuzi.

Kwanza, uguse shavuni: kioo ni baridi, plastiki si baridi hivyo na mara nyingi ina mstari wa kiungo. Pili, tazama tunduni. Sami-sami, zilizotoka Venice, Italia, ni nyekundu nje na nyeupe ndani. Hata hivyo, aina hiyo ilitengenezwa hadi karne ya 20, hivyo rangi pekee si ushahidi. Tundu lililolika kwa uzi ni dalili ya matumizi ya muda mrefu.

Usizisugue wala kukata uzi. Mkufu mzima wenye historia ya ukoo una thamani kuliko shanga moja moja. Lakini usitarajie utajiri: ziliingia kwa mizigo mingi, na umri pekee haupandishi bei.

Zaidi ya yote kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuvichimba, kuviuza au kuvipeleka nje kunahitaji leseni. Ukiviokota, toa taarifa serikali ya kijiji. Mnunuzi mwenye haraka aonyeshe leseni kwanza.