Tovuti ya Chuo Kikuu ni Lango, Isifungiwe Walemavu

Zamani, mtu aliyetaka kujiunga na chuo kikuu alipanda basi, akashuka langoni na kumwuliza bawabu ilipo ofisi ya msajili. Kama hakuwa akiona, bawabu alimshika mkono. Kama alitumia kiti cha magurudumu, vijana wawili walimbeba ngazini. Haikuwa heshima kubwa, lakini angalau alifika. Siku hizi lango hilo limehama. Limehamia katika kompyuta na simu. Huko ndiko mwanafunzi anakochagua kozi, anakochukua barua ya kuitwa chuoni, anakojisajili kwa masomo ya muhula, anakotazama salio la karo, anakosoma majarida ya maktaba na anakopata matokeo ya mitihani. Lango hili jipya halina bawabu wa kumshika mtu mkono.

Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba tovuti ya chuo kikuu ni jengo la umma sawa na maktaba au ukumbi wa mihadhara. Kuijenga kwa namna ambayo mlemavu anaweza kuingia na kutoka bila kuongozwa si hisani wala anasa, ni wajibu. Aidha, nashikilia jambo la pili ambalo huenda likawakera baadhi ya wenzangu: wajibu huo si wa mafundi wa kompyuta peke yao. Sehemu kubwa iko mikononi mwetu sisi walimu, makarani na wanafunzi wenyewe.

Wapo watakaouliza, asiyeona atatumiaje kompyuta? Swali ni la haki na jibu lake ni rahisi. Ziko programu zinazosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Mtumiaji hahitaji kipanya. Anaongoza kila kitu kwa vidole vyake juu ya kibodi, akiruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, kama vile mimi na wewe tunavyopitisha macho juu ya gazeti. Mmoja kati ya visoma skrini hivyo, NVDA, ulianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni, na hutolewa bure kwa yeyote anayeutaka. Simu nyingi za kisasa nazo huja zikiwa na kisoma skrini ndani yake. Kwa hiyo kifaa kipo, na ujuzi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha kusomeka.

Tatizo ni hili: kisoma skrini husoma maandishi, picha ya maandishi huwa kwake kama ukuta mtupu. Karani anapochapisha tangazo, akalitia sahihi na muhuri, kisha akalipiga picha kwa mashine na kulibandika kwenye tovuti, yule anayeona atalisoma bila taabu. Asiyeona ataambiwa tu kwamba hapa pana picha, au hataambiwa lolote. Tarehe ya mwisho ya kujisajili imo humo humo ndani ya picha. Mhadhiri anapopiga picha kurasa za kitabu na kuwatumia wanafunzi kama maelezo ya somo, amewagawia darasa zima chakula na kumnyima mmoja sahani.

Shida haiishii kwa wasioona. Kiziwi hutazama mhadhara uliorekodiwa asipate hata neno moja, kwa kuwa hakuna aliyeweka maandishi chini ya picha. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka hushindwa kufungua orodha isiyokubali chochote ila ncha ya kipanya. Mwenye uoni hafifu huwekewa herufi za kijivu juu ya mandhari meupe, kana kwamba wino ulikuwa umekwisha. Anayesoma polepole hupewa fomu ndefu inayojifunga baada ya dakika chache na kufuta yote aliyoyajaza.

Nimewahi kumfundisha katika shule ya upili kijana mmoja asiyeona, mwenye akili pevu na bidii ya mchwa. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya kwa karatasi za Breli, akafaulu vizuri, akaitwa katika chuo kikuu kimoja humu nchini ambacho sina haja ya kukitaja. Muhula wa kwanza alijaribu kujisajili kwa masomo yake. Kila alipofika mahali pa kubonyeza, kisoma skrini kilimwambia, "Kitufe." Akasogea mbele, "Kitufe." Akasogea tena, "Kitufe." Hakuna aliyekuwa amevipa vitufe hivyo majina. Kipi ni cha kuhifadhi, kipi ni cha kufuta, hakujua. Mwishowe alikwenda kwenye saiba iliyo nje ya chuo, akampa kijana wa pale neno lake la siri ili amsaidie. Ikawa hivyo muhula baada ya muhula.

Siku aliponitembelea nilidhani atalalamikia muda aliopoteza. La hasha! Kilichomwuma kilikuwa kingine. "Mwalimu," aliniambia, "matokeo yangu husomwa na watu wa saiba kabla yangu. Deni langu la karo wanalijua. Nikifeli, wao ndio wanaonipa pole kabla sijajua kwamba nimefeli."

Maneno hayo yana uzito kuliko hotuba nyingi. Tunapozungumza juu ya walemavu, twapenda kuzungumza juu ya msaada. Lakini mtu mzima anayelazimika kusaidiwa katika jambo ambalo angeweza kulifanya mwenyewe hajasaidiwa. Amenyang'anywa siri yake na uhuru wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, tumekosa sheria? Hatujakosa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake, kufikia taasisi za elimu, kufikia habari, na kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine zinazomfaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, nayo Kenya ikauidhinisha mwaka 2008. Kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Mwaka 2022 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini lilitoa kiwango cha kitaifa, KS 2952, kinachoeleza jinsi huduma za kompyuta na mawasiliano zinavyopaswa kutengenezwa ili walemavu wazitumie. Mwaka 2025 tukapata Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Sheria tunazo, tena nzuri. Lakini sheria iliyo kabatini haimfungulii mtu mlango.

Tukubali pia kwamba udhaifu huu si wetu peke yetu. Shirika la W3C, linalosimamia kanuni za tovuti ulimwenguni, lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu walemavu mwaka 1999, na limeusahihisha mara kadhaa tangu hapo. Hata hivyo, mwaka 2024 taasisi ya WebAIM ya Marekani ilipochunguza kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1, iligundua kasoro katika asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Idadi hiyo inatisha. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha jambo la kutia moyo: takribani kasoro zote zilizoonekana zilikuwa za aina 6 tu. Maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, nafasi za kujaza katika fomu zisizo na majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja umeandikwa kwa lugha gani.

Kasoro hiyo ya mwisho yatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Kisoma skrini hutegemea alama iliyofichwa ndani ya ukurasa ili kijue kisome kwa matamshi ya lugha gani. NVDA, kwa mfano, huja na sauti inayojua Kiswahili. Lakini ukurasa wa Kiswahili usipojitambulisha, au ukijitambulisha kuwa ni wa Kiingereza, mashine huweza kuyasoma maneno yetu kwa kinywa cha Kiingereza, na shairi la mwanafunzi likageuka kelele zisizo na maana. Kutia alama hiyo ni kazi ya neno moja. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu, ambazo hudai kila siku lugha hii ipewe hadhi, zingeanza na hilo.

Najua yupo atakayesema chuo hakina fedha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana vyuo vyetu vya umma vimelemewa na madeni. Lakini tutazame yaliyotokea Marekani. Mwaka 2016 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilikiambia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwamba mihadhara kilichoiweka wazi kwa umma haikuwafaa viziwi na walemavu wengine. Mwaka 2017, badala ya kuirekebisha, chuo hicho kiliondoa rekodi zaidi ya 20,000 ambazo watu wote walikuwa wakizitazama bure. Gharama ya kurekebisha, kilieleza, ingekuwa kubwa mno. Naam, ilikuwa kubwa, kwa sababu rekodi zilikuwa zimerundikana kwa miaka bila mtu kujali. Anayejenga nyumba na kuweka mteremko kando ya ngazi hutumia mifuko michache zaidi ya saruji. Anayeingoja nyumba ikamilike ndipo aivunje kibaraza hutumia mara nyingi zaidi. Umaskini wetu, basi, ndio sababu ya kuanza sawasawa, wala si kisingizio cha kutoanza.

Mwingine atasema walemavu ni wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 900,000 wenye ulemavu, asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi. Huo si uchache wa kupuuzwa. Na hata kama chuoni wanaonekana wachache, tujiulize ni wangapi waliogeuzwa nyuma na fomu isiyojazika. Hatuwezi kufunga mlango kisha tukahesabu walio ndani na kusema wengine hawapo. Tena, wahenga walitwambia hujafa hujaumbika. Macho yanayosoma safu hii leo yana siku zake.

Isitoshe, kinachomfaa mlemavu humfaa na jirani yake. Tangazo lililoandikwa kwa maandishi halisi, badala ya picha, hufunguka upesi kwenye simu ya bei ndogo na halili data nyingi. Mwanafunzi wa Lodwar mwenye shilingi ishirini za data atashukuru. Maandishi yaliyo chini ya mhadhara humsaidia kiziwi, na humsaidia pia aliye kwenye matatu yenye muziki wa kupasua masikio. Kichwa cha habari kilichowekwa vyema humwongoza kila msomaji.

Sasa tufanyeje? Kwa wakuu wa vyuo nina mambo matatu. Mkataba wowote wa kutengeneza tovuti utaje kwamba kazi haitalipwa hadi itimize kiwango cha KS 2952. Kabla tovuti haijafunguliwa, wanafunzi wenye ulemavu waitwe waijaribu, na walipwe kwa kazi hiyo kama mafundi wengine wanavyolipwa. Tena tovuti iandike jina la ofisi na nambari ya simu ya kupokea malalamiko, ili mtu aliyekwama ajue pa kulia.

Kwa walimu wenzangu, kazi ni ya kila siku na haihitaji bajeti. Tuwatumie wanafunzi maandishi yenyewe, tusiwatumie picha ya maandishi. Tukiweka picha au jedwali, tuandike sentensi moja inayoeleza kilichomo. Vichwa vya habari tuvitie kwa mtindo wa vichwa uliomo katika programu ya kuandikia. Kukoleza herufi tu hakutoshi, kwani kisoma skrini hakitakijua kuwa ni kichwa. Tusiandike "bonyeza hapa". Tuandike "ratiba ya mitihani", ili anayesikiliza ajue anakokwenda. Nanyi wanafunzi mnaosomea kompyuta, msingoje kufundishwa haya katika mwaka wa nne. Chukueni tovuti ya chuo chenu, wekeni kipanya kando, zimeni skrini, washeni sauti, kisha mjaribu kujisajili kwa somo moja tu. Mtakachokisikia kitawafundisha kuliko makala haya.

Tumezoea kupima ukubwa wa chuo kikuu kwa maghorofa yake na kwa majoho ya siku ya mahafali. Mimi naona kipimo kingine kinafaa zaidi: je, mwanafunzi asiyeona anaweza kuyasoma matokeo yake mwenyewe, peke yake, chumbani mwake, na kuamua mwenyewe nani amwambie? Chuo kinachoshindwa na hilo hakijamfungulia lango, hata kama kilimpa barua ya kumkaribisha.